Mwacheni Mama Aingie Leba na Mtu Wake

Hospitali nyingi za umma jijini Nairobi zina vipindi viwili vya kuona wagonjwa: kimoja mchana, kingine jioni. Nje ya vipindi hivyo, soja wa getini hana la kujadiliana nawe. Aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, mzee anayetibiwa nimonia, na msichana wa miaka 19 aliyeshikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza usiku wa manane, wote wamewekwa chini ya sheria moja: jamaa zao ni wageni, na mgeni huja saa ya wageni. Naamini sheria hiyo haifai leba, haifai wadi ya waliojifungua, na katika nasari, yaani kitengo cha watoto wachanga wanaohitaji uangalizi wa karibu, inadhuru. Inawafungia nje watu ambao kazi yao iko ndani, usiku na mchana.

Haikutungwa kwa ubaya. Ingia wadi ya waliojifungua siku ambayo vitanda vimejaa, utaona akina mama wawili wamelazwa kitanda kimoja, huyu kichwa huku, yule kichwa kule, watoto wao katikati. Kila mmoja akijiwa na watu watano, kitanda hicho kimezungukwa na watu kumi. Na sisi tunajua kwenda kuona mtoto! Huja shosho, huja mashangazi, huja wanachama wa chama, huja watu wa kanisani, kila mmoja na flaski yake ya uji au supu, kila mmoja akitaka kumbeba mtoto ambaye kitovu chake bado kibichi. Kati yao hakosekani mwenye mafua. Virusi vya RSV, ambavyo kwa mtu mzima huwa kamasi za siku chache, vikimpata mtoto wa siku mbili vinaweza kushuka kifuani na kumfikisha kwenye oksijeni. Muuguzi anayewatoa watu hao wadini anafanya kazi yake, na tunapaswa kumuunga mkono. Umati usubiri nyumbani, mtoto atafika.

Tatizo ni kwamba sheria inayomzuia shangazi mwenye mafua ndiyo inayomzuia mama mzazi wa yule msichana wa miaka 19, aliyepanda basi la usiku kutoka ushago ili awe na bintiye. Ndiyo inayomzuia baba. Na ndiyo inayomgeuza mama mwenyewe kuwa mgeni, siku anapoandikiwa kwenda nyumbani huku mtoto wake akibaki nasari.

Kwa nini jambo hili linanikereketa sasa? Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 82. Hiyo ni hatua kubwa, iliyosukumwa na huduma ya bure ya kujifungua iliyotangazwa Juni 2013 na baadaye Linda Mama, mpango wa serikali wa bima ya bure ya uzazi. Lakini katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto wasiofikisha siku 28 vilishuka kutoka 22 hadi 21 tu kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Akina mama waliambiwa waache kuzalia nyumbani, wakaacha. Waliambiwa waje hospitalini, wakaja. Sasa swali ni wanachokutana nacho baada ya kupita getini, na mojawapo ya mambo wanayokutana nayo ni upweke.

Chukua leba kwanza. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya matokeo ya majaribio 26 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, ulionyesha kuwa mwanamke anayekaa na mtu wa kumtia moyo bila kukatizwa katika uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi, na hatari ya kufanyiwa upasuaji hupungua. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa 2018 kuhusu uzazi, lilipendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Si dawa mpya, si mashine ya mamilioni ya shilingi, ni mtu tu, na mtu huyo kwa kawaida yuko pale nje kwenye benchi, simu mkononi, akisubiri aitwe.

Anayefikiri kwamba msindikizaji ni wa kushika mkono na kupangusa jasho hajawahi kukaa leba iliyolemewa. Muuguzi mmoja akiwa na wanawake wengi, hawezi kusimama kando ya kila kitanda. Msindikizaji ndiye anayempa mama maji, anayemsugua mgongo, anayemtembeza, anayemkumbusha aliloambiwa na daktari wakati maumivu yamemziba masikio. Mtoto akishatoka na kila mtu akahamia kitanda kinachofuata, msindikizaji ndiye atakayeona leso inaloa damu kuliko kawaida na kukimbia kumwita sista. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama, na damu haingoji zamu ibadilike.

Kuna la pili, ambalo halisemwi sana kwa sauti. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya afya nchini na kuchapishwa 2015 ulikuta kuwa mwanamke mmoja kati ya watano alihisi kudhalilishwa wakati wa kujifungua. Mnamo 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5, ikisema haki yake ya utu ilikiukwa. Sisemi wauguzi wetu ni wakatili, wengi wao wanafanya kazi ya watu watatu. Nasema mtu anayeteseka peke yake, akiwa uchi na bila shahidi, ni rahisi kumfokea. Akiwa na mama yake ubavuni, ulimi huchunga maneno.

Kikwazo kikubwa ni faragha, na hapa hoja ya wauguzi ina uzito. Leba nyingi za umma ni ukumbi mmoja. Vitanda vimepangwa karibu karibu, pazia ama limechakaa ama halipo. Mwanamke wa Eastleigh aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu hataki mwanamume asiyemjua asimame hatua mbili kutoka alipolala, na ana haki kamili. Wa Kibera naye hataki, na hahitaji sababu ya dini. Kumruhusu mume wa huyu kunaweza kumvunjia heshima yule.

Ila hoja hii ikichunguzwa vizuri inawahusu wanaume katika ukumbi usio na mapazia. Haimhusu mama mzazi, wala dada, wala rafiki wa kike, wala mkunga wa mtaani aliyemtunza mwanamke huyo tangu miezi ya mwanzo ya mimba. Palipo na ukumbi wa wazi, msindikizaji awe mwanamke. Palipo na mapazia kamili au vyumba, awe yeyote anayetakiwa na mama. Na mapazia yanunuliwe, jamani. Katika bajeti ya afya ya kaunti kubwa kama Nairobi, kitambaa na chuma cha kukitundikia havipaswi kuwa sababu ya mwanamke kuzaa peke yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba uchaguzi uwe wa mama, si wa mume na si wa mama mkwe. Aulizwe akiwa peke yake, kliniki, kabla ya siku kufika, kwa kuwa wapo wanawake ambao mtu wa mwisho wanayemtaka chumbani ni yule aliyewaleta hospitalini.

Sasa twende nasari, ambako roho yangu huumia zaidi.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kilo moja na nusu, hulishwa takriban kila saa tatu, mchana na usiku. Mama yake amelala wadi nyingine, pengine ghorofa nyingine. Kama alijifungua kwa upasuaji, anashikilia mshono kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine, anashuka ngazi saa nane za usiku kwenda kukamua maziwa, anarudi, analala kidogo, anashuka tena saa kumi na moja. Mnamo Januari 2018 akina mama walitoa madai mitandaoni kwamba walishambuliwa kingono katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta walipokuwa wakienda usiku kunyonyesha watoto wao. Waziri wa Afya wakati huo, Cleopa Mailu, aliamuru uchunguzi, na mjadala wote ukawa wa usalama: walinzi, taa, kamera. Swali lililonibaki ni lingine. Kwa nini mama aliyejifungua juzi anatembezwa korido za hospitali usiku, mtoto wake akiwa sehemu nyingine ya jengo? Na ikiwa ni lazima atembee, kwa nini hana mtu wa kumsindikiza?

Kisha siku inafika mama anapona, mtoto hajafikisha uzito. Mama anaruhusiwa kwenda nyumbani, kitanda chake kinapewa mwingine. Hospitali nyingine zina chumba cha akina mama kulala, nacho hujaa upesi. Asiyepata nafasi atafanya nini kama anakaa Kayole au Dandora? Hakuna matatu ya kumleta saa nane za usiku, na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa siku ni pesa ya chakula cha nyumba nzima. Basi anakuja saa za wageni. Mtoto anakunywa maziwa ya unga au yaliyobaki kwenye kikombe, na maziwa ya mama yanaanza kukauka kwa sababu titi lisilonyonywa wala kukamuliwa huacha kutoa. Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya mama katika Hospitali ya Pumwani mwaka 2019, nami nilifurahi sana, maana wapo watoto ambao mama zao ni mahututi au wamefariki. Lakini mtoto ambaye mama yake yu hai, ana maziwa, na amezuiliwa getini, hapaswi kuwa mteja wa benki hiyo.

Wakubwa wa hospitali watasema: maambukizi. Watoto hao ni dhaifu, kila anayeingia ni hatari. Nilikuwa nikiliamini jibu hili kama wengi tulivyoliamini, hadi ushahidi ulipokuja, tena kutoka nchi zinazofanana na yetu. WHO iliratibu jaribio kubwa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yakachapishwa 2021. Watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida: mtoto apelekwe kwenye mashine ya joto, atulizwe kwanza, mama aje baadaye. Kundi la pili lilifanya kinyume: kitanda cha mama kiliingizwa ndani ya kitengo chenyewe cha watoto, na mtoto akafungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa. Mama asipoweza, jamaa aliyechaguliwa alimpokea. Ndiyo malezi ya kangaruu, yaliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati hospitali moja huko ilipokosa inkubeta za kutosha.

Katika kundi la huduma ya kawaida, asilimia 15.7 ya watoto walifariki ndani ya siku 28. Katika kundi lililolala na mama zao walifariki asilimia 12. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima kundi la kwanza. Na yale maambukizi tunayoyaogopa? Yalipungua. Watoto waliodhaniwa kuwa na maambukizi ya damu walikuwa asilimia 22.9 katika kundi la mama, na 27.8 katika kundi la kawaida.

Hilo lisimshangaze mtu. Vimelea sugu vya nasari havisafiri sana kwa pumzi ya mama. Husafiri kwa mikono inayotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine bila kunawa, kwa inkubeta moja kulazwa watoto wawili au watatu, kwa mirija na vifaa visivyosafishwa vizuri. Mama humgusa mtoto mmoja, wake. Muuguzi aliyelemewa hugusa kumi na zaidi. Mtoto aliye kifuani hupata joto, hupata vijidudu vya kawaida vya ngozi ya mama yake kabla hajapata vile vya hospitali, na hupata maziwa kwa wakati. Watafiti waliofuatilia kazi ya wauguzi katika nasari za Nairobi walikwisha kuonyesha kwamba huduma nyingi zinazotakiwa kufanywa kwa kila mtoto hazifanyiki, kwa kuwa mikono ni michache. Mikono mingine iko nje ya geti.

Wakati wa Corona tuliona hofu hii ikifika kilele. Kuanzia Machi 2020, hospitali nyingi duniani zilitenganisha watoto na mama walioambukizwa, hata waliodhaniwa tu. WHO na wataalamu wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walipiga hesabu baadaye: malezi ya kangaruu yakienea inavyotakiwa yangeokoa watoto zaidi ya 125,000, ilhali vifo vya watoto wachanga kutokana na Corona vingekuwa chini ya 2,000. Corona imepita. Lakini masharti yaliyobandikwa mlangoni wakati ule hayakubanduliwa kote.

Wizi wa watoto ni hofu ya kweli Nairobi, sitaipuuza. Februari 2018 mtoto mmoja kati ya pacha aliibwa Kenyatta, akapatikana baadaye. Wazazi wengi wanaogopa hilo kuliko ugonjwa. Lakini fikiri: mwizi wa mtoto hufaulu wapi? Pale mama amelala kwa uchovu na hakuna jamaa anayekesha, pale sura zote ni ngeni kwa sababu zinabadilika kila saa ya wageni. Mtu mmoja aliyeandikishwa jina na nambari ya kitambulisho, aliyevishwa kitambaa cha mkononi chenye nambari sawa na ya mama na mtoto, anajulikana na muuguzi na soja pia. Huyo ni mlinzi wa ziada asiyelipwa mshahara.

Kuhusu baba nitasema machache. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya wiki mbili yenye malipo kamili mke wake anapojifungua. Taifa limekiri kwamba anahitajika, geti linamwambia aje jioni. Na wanaume wengi wa jiji hili hawana hata hiyo likizo: ni wa jua kali, wa mjengo, wa bodaboda, wanaotoka kazini jua likizama, wakati saa za wageni zimekwisha. Mwanamume wa namna hiyo anaweza kumaliza wiki nzima hajamgusa mtoto wake.

Kuna jambo moja la aibu ambalo kila mkazi wa Nairobi analijua: geti lililofungwa hufunguka kwa kitu kidogo. Sheria kali isiyo na mantiki huzaa soko lake, na anayelipa ni aliyetoka Mukuru na noti mbili mfukoni. Wenye bima nzuri wako upande wa pili wa mji, katika hospitali za binafsi ambako mume huvaa gauni la kijani, akaingia leba na kukata kitovu cha mwanawe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Hakikuandika kwamba kuwa na mtu wako wakati wa kuzaa ni huduma ya wanaoweza kulipa.

Pumwani, Mama Lucy Kibaki na Mbagathi ziko chini ya Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Hapa hakuna haja ya kusubiri Bunge. Waziri wa afya wa kaunti anaweza kuziandikia hospitali hizo barua ya ukurasa mmoja: kila mama ana haki ya msindikizaji mmoja aliyemchagua, tangu leba hadi anaporuhusiwa, saa zote, wazazi wa mtoto aliye nasari hawahesabiwi kuwa wageni, wengine wote, wawili kwa wakati mmoja, saa za kawaida, na mwenye mafua au kikohozi asiingie. Viti vya plastiki vinunuliwe, sabuni na maji viwepo mlangoni, gauni za kufuliwa ziwepo. Wauguzi waulizwe kabla ya barua kutiwa sahihi, kwa kuwa wao ndio watakaogombana na watu usiku. Kazi ngumu kuliko zote ni vitanda vya mama ndani ya nasari, maana nafasi haipo, na hilo linahitaji bajeti ya ujenzi na miaka kadhaa. Mengine yanaweza kuanza mwezi ujao.

Atabaki mwanamke mmoja ambaye barua hiyo haitamfaa kitu: yule asiye na mtu. Nairobi inao wengi. Yaya aliyefukuzwa kazi alipogundulika ana mimba, mkimbizi asiye na ukoo mjini, msichana wa shule aliyetengwa na kwao. Kwake haki ya kuchagua msindikizaji ni maneno matupu. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaolipwa posho na serikali, na kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba, zikiwemo za wajawazito. Wanaowahudumia wajawazito mtaani ndio wanaojua nani hana mtu. Kaunti iwape nauli na ruhusa ya kuingia leba pamoja na wanawake hao, jina la mhamasishaji liandikwe kwenye kitabu cha kliniki mapema, na soja aonyeshwe kitabu hicho getini.